Kutishwa kwa maneno au kwa michoro?

Riwaya ya kutisha hukuachia kazi: mwandishi anataja tu kitasa kinachozunguka polepole, na wewe mwenyewe unaumba kilicho nyuma ya mlango. Dracula, riwaya ya 1897 ya zimwi linalonyonya damu za watu, iliyosukwa kwa barua na shajara, ni hodari kwa hilo. Hatari unaiona kabla ya wahusika.

Kitabu cha katuni hutegemea kufunua ukurasa. Mchoraji mjanja huficha zimwi upande wa pili, kidole chako kikabaki kinasita. Ndiyo maana (nadhani) kanuni za katuni za Marekani za 1954 zilipiga marufuku wanyonya damu, hadi zilipolegezwa 1971.

Kwa fantasia nachagua katuni: joka lililochorwa halihitaji kurasa tatu za maelezo. Lakini usiku, nyumba nzima ikiwa imelala, nipe riwaya.