Rimu na matairi ya gari la michezo: kabla ya inchi, uliza ET

Maswali ninayoletewa kuhusu rimu yanafanana: "Dada, nifunge 18 au 19?" Malalamiko yanayofuata nayo yanafanana. Usukani umekuwa mzito, gari linafuata kila mfereji wa barabara, ukikanyaga breki linavuta upande. Mwenye gari amekwishapiga alaimenti hadi amechoka, amelaumu matairi, amemlaumu fundi. Nikimwuliza ET ya rimu zake, yaani namba inayosema gurudumu linakaa nje au ndani kiasi gani, kimya.

Kwa hiyo rangi na idadi ya spoku tafuteni kwingine. Hata PCD, yaani kipimo cha mduara wa matundu ya nati, naipita haraka, kwa sababu rimu ya matundu yasiyolingana haiingii na utajua hapo hapo. ET ndiyo yenye hila: rimu yenye ET isiyofaa inaingia, nati zinakaza, na mtu anaondoka anatabasamu.

ET ni idadi ya milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake. Namba ikishuka, gurudumu linatoka nje. Ikipanda, linaingia ndani kuelekea shokapu. Chukua Toyota 86 ya mwaka 2012, iliyotoka kiwandani na tairi la 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17) juu ya rimu ya 17x7 ET48 (kimo inchi 17, upana inchi 7). Muuzaji anakuletea 18x8 ET35, anasema imejaa vizuri kwenye fenda. Piga hesabu. Inchi moja ya upana ni milimita 25.4, yaani 12.7 kila upande. ET imeshuka 13. Upande wa ndani namba hizo zinafutana, shokapu haiguswi, kila mtu anafurahi. Upande wa nje zinajumlishwa, ukingo wa rimu unatokeza milimita 25.7 zaidi, na katikati ya tairi imehama 13 kutoka pale mhandisi alipoiweka.

Ugomvi wangu uko kwenye hizo 13. Gurudumu la mbele hugeuka kwa mhimili unaopita kichwa cha shokapu na bolijointi ya chini. Urefushe mhimili huo hadi kwenye lami. Pale unapogusa na pale katikati ya tairi inapokanyaga pana umbali mdogo, na umbali huo ndio mkono ambao barabara inautumia kukuzungushia usukani. Ukiurefusha, kila shimo linakufikia viganjani. Ukifunga breki gurudumu moja likiwa juu ya mchanga na la pili juu ya lami, usukani unapokonywa. Beringi inabebeshwa mzigo kwa wenzo mrefu zaidi, na springi zilezile zinafanya kazi kana kwamba zimelegea. Spesa, kile kipande kinachowekwa kati ya rimu na habu, ni ugonjwa uleule kwa jina lingine: weka ya milimita 15 na ET48 yako imekuwa ET33.

Namba huwa imechongwa nyuma ya spoku au kando ya matundu ya nati. Kama imefutika, laza rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, pima kutoka kwenye ubao hadi uso wa habu. Rimu ya inchi 7 ina milimita 178 ndani ya kingo, na kingo zenyewe huongeza kama 25, jumla 203. Nusu yake ni 101.5. Ukipima 150, toa 101.5, unapata ET48 na chenji. Ni kazi ya dakika mbili, na bado wapo wauzaji wanaokasirika ukitoa rula.

Sasa nafasi zangu, kwa gari jepesi la injini mbele na msukumo wa nyuma, mfano wa 86 na ndugu yake Subaru BRZ.

Nafasi ya kwanza, bila kusita: 17x8, ET45 hivi, na 225/45R17. Tairi la saizi hiyo limeruhusiwa kwenye rimu ya inchi 7 hadi 8.5, kwa hiyo kwenye 8 ubavu unasimama wima na usukani unajibu mara moja. Kimo cha tairi kinatoka milimita 625 hadi 634, tofauti ya asilimia moja na nusu, na spidomita ambayo kwa kawaida husoma juu kidogo inasogea karibu na ukweli. Rimu? Mimi ni wa Enkei RPF1, na sioni sababu ya kujificha. Ni nyepesi, ukingo wake hukandamizwa kwa roli baada ya kumiminwa ili uwe mwembamba na imara, na kampuni hiyo imewahi kuitengenezea McLaren rimu za Formula 1. Ipo ya 17x8 yenye ET45. Kasoro yake ni tundu la katikati la milimita 73, wakati habu ya 86 ni 56.1, kwa hiyo nunua na pete za kujazia nafasi, la sivyo usukani unaweza kutetemeka barabara kuu. Wapenzi wa Rays TE37 najua mtanijia juu. Ni rimu nzuri, ya tangu 1996, na 37 yenyewe inatokana na kilo 3.7 za ile ya inchi 15. Ila nakala bandia zimejaa kila kona, na bei ya ile halisi nadhani inapangwa na watu wasiofunga rimu bali wanaozitundika ukutani.

Kwa tairi, Michelin Pilot Sport. Mara nyingi si la bei nafuu, lakini hunieleza mapema linapokaribia kuachia.

Nafasi ya pili ni 18x8 na 225/40R18, kimo 637. Chagua hii kama breki zako kubwa hazipiti ndani ya 17. Ubavu unabaki na milimita 90, bado unafanya kazi. ET isishuke chini ya 42.

Ya tatu, 16 na 205/55R16. Haina sura, najua. Lakini Mazda yenyewe huuza MX-5 kwa 195/50R16, na gari hilo kwenye kona halihitaji kuombewa. Hakikisha tu kalipa, ile inayobana diski ya breki, inapita ndani ya rimu.

Ya mwisho ni 19 na 225/35R19. Ubavu milimita 79, chuma kingi kimekaa mbali na katikati, injini ndogo inakisukuma na breki zinakizuia. Tairi lenyewe ghali zaidi kwa mpira kidogo zaidi. Hapa ndipo wauzaji wanaponitibua: rimu inatangazwa kwa inchi na rangi, ET haiandikwi popote, ukiuliza unaambiwa "itakaa tu". Ikigusa, wanakuuzia huduma ya kukunja fenda. Ikizama ndani, wanakuuzia spesa. Wanalipwa kila upande wanaokosea.

Na wale wanaotaka nyuma pana kuliko mbele: Porsche 911 Carrera S ya kizazi cha 992 hutoka na 245/35R20 mbele na 305/30R21 nyuma kwa sababu injini imekaa nyuma. Ukiiga hivyo kwenye 86, pua itakataa kuingia kona, na hutaweza tena kuzungusha matairi mbele kwa nyuma yakiisha.

Vya bei rahisi: rimu isiyo na mhuri wa JWL, alama ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi, iache. Tairi la mtumba, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ukishafunga, wakalishe watu wawili nyuma, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha pitisha kidole kati ya tairi na shokapu, na kati ya tairi na fenda. Kisipopita, rudisha siku hiyo hiyo kabla tairi halijachafuka, maana likishakanyaga barabara watakuambia ni mtumba.