Oolong ya Kariakoo: chai sina ugomvi nayo, muuzaji ndo sitamsahau

Jamani acha niseme maana toka juzi roho haijatulia. Oolong, hii chai ya Kichina, nimeanza kunywa kama miezi sita hivi, labda zaidi, alonianzishia ni dada wa ofisini kwetu alitoka nayo China. Ile ndo oolong. Vipunje vimeviringwa vimekaza, unaweka kijiko kidogo kwenye glasi unamwagia maji ya moto, vinafunguka taratibu mpaka unaona jani zima na kikonyo chake, rangi kama asali nyepesi. Majani yale yale unayamwagia tena mara ya 3 ya 4 na ladha bado ipo. Sukari sikutia hata chembe, mimi wa vijiko vitatu! Soda ya mchana na hili joto la Dar nikajikuta nimeiacha.

Ikaisha, nikaenda Kariakoo. Kaka wa duka akanipa pakiti ya elfu 25, imeandikwa inayeyusha kitambi kwa siku 7, nikamuuliza ni oolong kweli, akasema "orijino dada, ya Fujian hiyo", yaani lile jimbo la China. Nimefika nyumbani nafungua, vumbi. Vumbi tupu jeusi na vijiti. Kumwagia maji tu yakawa mekundu hapo hapo kama chai ya rangi ya mgahawani, maji ya pili hayana kitu. Oolong iko katikati ya chai ya kijani na hii nyeusi yetu ya Mufindi, na ya Mufindi naipenda sana tu, ila niuzie kwa bei yake na kwa jina lake!

Kesho yake nikairudisha. Akanitazama juu mpaka chini mbele za wateja, akasema "dada wewe kunywa tu, kwa mwili huo hata ukinywa ndoo nzima utachelewa". Wenzake wakacheka. Nilienda kurudisha chai, sikwenda kupimwa uzito! Machozi yalinilenga, nikageuka nikaenda kupanda daladala.

Nilitaka kuandika msinunue oolong kabisa, lakini nitakuwa nadanganya. Kitambi haijayeyusha, anayewaambia hivyo anataka hela yenu, kwangu kilichopungua ni sukari na nina uhakika ndo faida yenyewe. Ina kafeini, nikinywa baada ya magharibi usingizi siuoni mpaka saa 8 usiku. Na mama yangu damu inampungua kila mara, nimemkataza kuinywa na chakula, chai inazuia madini ya chuma ya mchicha na maharage yasiingie vizuri mwilini.

Kwa hiyo kunyweni, ila mwambieni muuzaji afungue pakiti muone jani kabla hamjatoa hela. Yangu ipo kabatini sijaitupa, Jumamosi naenda nayo tena na safari hii naenda na kaka yangu.