Risiva ya 2008: niibakishe au niitupe?

Hii risiva (sio king'amuzi, ni ile mashine inayopokea picha na sauti za vifaa vyote na kuendesha spika za sinema ya nyumbani) ninayo toka 2008 na sijawahi kuiandikia hata sentensi moja, ila mwezi huu imebidi. Mpwa wangu alikuja kunitembelea na PlayStation 5 yake, tukaichomeka kwenye risiva kama navyochomekaga kila kitu, picha ikatoka 1080p tu wakati tivi ni ya 4K, dogo akaliangalia lile dude akasema "anko, hii mashine imenizidi umri." Kweli imemzidi. Nikaanza kujiuliza kama muda wa kubadilisha umefika, na bahati nzuri rafiki yangu amenunua mpya na alikuwa anasafiri wiki mbili, nikamwomba aniachie ya kwake nikae nazo zote mbili.

Ya kwangu ni chaneli 7.1, yaani inabeba spika saba na sabufa moja, mi natumia spika tano na sabufa, uzito kama kilo 12 yaani ukiibeba mgongo unajua. Inasoma Dolby TrueHD na DTS-HD, zile sauti za diski za Blu-ray zinazominywa bila kupoteza kitu, HDMI ilianza kuzipitisha na toleo la 1.3 mwaka 2006 na ya kwangu ndo toleo hilohilo. Kwa hiyo mtu akisema risiva ya zamani haina sauti nzuri namshangaa kidogo.

Nikaanza majaribio. Muvi ileile, kiti kilekile, marekebisho yote ya otomatiki nimeyazima, volyumu nimeilinganisha kwa app ya simu ya kupima desibeli (najua sio kipimo cha maana, ila ndo nilichokuwa nacho). Sikusikia tofauti. Nikamwita mke wangu, nikamwambia kaa fumba macho niambie ipi mpya, mara tano, akapata mbili, ya sita akakataa akasema ana kazi zake. Sio utafiti wa kitaalamu, mana kuhamisha nyaya za spika kunachukua muda mpaka sikio linasahau, ila kama mpya ingekuwa inaiacha ya zamani mbali tungesikia tu.

Afu hii habari ya wati. Box la mpya limeandikwa 150 kwa chaneli, ya kwangu ni 90, ukisoma harakaharaka unaona umeachwa. Sasa soma yale maandishi madogo: ile 150 imepimwa ikiendeshwa chaneli moja peke yake, ohm 6, mlio mmoja wa 1 kHz, na upotoshaji wa asilimia 10, yaani sauti imeshaanza kukwaruza. Ya kwangu imepimwa chaneli mbili kwa pamoja, ohm 8, kuanzia 20 Hz mpaka 20 kHz, yaani toka besi ya chini kabisa mpaka mlio mwembamba kabisa. Hivyo sio vipimo vya kulinganisha kabisa. Na hata zingekuwa wati za kweli, ukizidisha mara mbili unapata desibeli 3 tu, utaisikia lakini hutoruka kwenye kiti.

Iliponipiga bao ni kwenye maikrofoni. Zote zinakuja na kile kimaikrofoni cha kuweka unapokaa ili ipime chumba, ila ya kwangu inapima spika iko umbali gani, inasawazisha volyumu, basi. Mpya ilishughulika mpaka na besi. Sabufa yangu iko kona na kuna noti fulani huwa inavuma mpaka dirisha linatetemeka, nimeishi nayo miaka yote hiyo nikijua ndo uzuri wenyewe, kumbe. Ile mashine ilivyomaliza kupima, mvumo umeisha na maneno ya waigizaji yakasikika vizuri zaidi. Hapo niliona wivu sijifichi.

Dolby Atmos, ile sauti inayokuja mpaka kutoka juu ya kichwa, iliingia majumbani 2014 kwa hiyo ya kwangu haiijui. Lakini Atmos bila spika za juu inapungukiwa na utamu wake wenyewe, na dari langu limelala mteremko, zile spika za kurusha sauti juu irudi chini zinataka dari tambarare. Kutoboa mbao sitoboi.

Ikabaki shida ya picha, na hii ina njia ya mkato. PS5 nimeichomeka moja kwa moja kwenye tivi, afu sauti inatoka kwenye tivi kwa waya wa optiko (unaopitisha sauti kwa mwanga) kuja kwenye risiva, mana ARC, ile njia ya tivi kurudisha sauti kwenye risiva kwa waya wa HDMI, ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, nimeikosa kwa mwaka mmoja tu! Mwanzo zikalia spika mbili za mbele peke yake, nusu saa nzima namlaumu waya masikini, kumbe optiko haipitishi PCM (sauti isiyominywa) ya chaneli nyingi, inabidi uingie kwenye mipangilio ya sauti ya PS5 uchague Dolby badala ya Linear PCM. Zikalia zote tano. TrueHD nayo haipiti kwenye optiko, kwa hiyo kwa diski natumia deki ya 4K yenye HDMI mbili, moja inapeleka picha kwenye tivi, nyingine inaleta sauti kwenye risiva.

Kwa hiyo naibakisha. Ningekuwa na gemu tatu na tivi yenye tundu moja tu la HDMI 2.1 (toleo linaloweza kupitisha 4K ya picha 120 kwa sekunde) ningebadilisha kesho, ama ningekuwa na dari la kueleweka. Na wewe ukiamua kununua, usiridhike na neno HDMI 2.1 kwenye box, uliza ni matundu mangapi yanayopitisha 4K ya 120, mana nyingi ni baadhi tu. Ukinunua iliyotumika ya 2020 ijaribu kabisa na gemu lako kabla hujatoa hela, kuna matoleo ya mwaka ule yalikuwa na chipu mbovu, ukichomeka Xbox Series X kwenye 4K 120 kioo kinakuwa cheusi.

Hela nimeamua ziende kwenye spika ya kati, ile ndo inabeba karibu maongezi yote na ya kwangu imechoka kuliko risiva. Sabufa nimeivuta kutoka kona kama mita moja, mvumo umepungua sana ingawa sio kama ile ya rafiki yangu. Kitasa cha volyumu ndo kimeanza kukwaruza nikikizungusha, juzi nimepulizia dawa ya kusafishia kontakti, kimetulia kwa sasa.