TAHADHARI: Muuza boti za upepo wa "tunatuma mikoani" kanipiga laki sita na nusu, watu wa Lindi na Mtwara kaeni macho

Wadau naandika hii nina hasira na aibu kwa pamoja kwa hiyo mnisamehe nikichanganya mambo. Nimepigwa. Laki sita na nusu, hela ya ufuta, imeyeyuka hivi hivi, na nyie mlionicheka nilipoanguka na boti pale Mkwaya mtoni tafadhali msianze tena, leo nataka watu wasikie habari yote, siyo kile kipande cha matope tu.

Mnajua nilivyokuwa na hii ndoto. Tangu ile safari ya Mchinga nilishaapa sipandi tena mtumbwi wa kukodi, nataka chombo changu mwenyewe, nakikunja natia kwenye boda, nafika mtoni najaza upepo, hema na sufuria humo humo, nalala huko, asubuhi narudi. Naanza na Lukuledi hapa kwetu, nikizoea ndo naenda Ruvuma. Na sikukurupuka jamani, hapo ndo panaponiuma! Wiki tatu nimesoma. Nilikuwa najua kabisa boti ya mtoni inatakiwa iwe ya PVC nene yenye kitambaa cha nyuzi katikati, milimita 0.9 hivi, siyo ile plastiki nyororo ya watoto kuchezea kwenye bwawa, najua inatakiwa iwe na vyumba vya hewa zaidi ya kimoja ili kimoja kikitoboka vingine vikushikilie mpaka ufike ukingoni, najua mpaka mambo ya valvu. Ungenipa mtihani wa boti ningepata A. Na bado nikapigwa.

Jamaa nilimpata kwenye matangazo, anasema duka lake liko Kariakoo. Wengine wote niliowauliza walikuwa wananitajia milioni na nusu kwenda juu, yeye laki sita na nusu, boti ya mita 3, watu watatu, pampu na makasia ndani. Nikamuuliza kaka mbona rahisi hivyo, akanambia kuna mzungu aliagiza kwa ajili ya Rufiji akaghairi safari, kwa hiyo anaisukuma tu arudishe hela yake. Nikaona sawa, inawezekana.

Sasa mtasema mjinga mimi. Ngojeni. Jamaa alinipigia vidio koli mwenyewe bila kuombwa. Boti iko sakafuni imejaa upepo, ya kijivu, nzuri, akapanda juu yake na viatu, akaruka mara tatu nne, afu akatoa funguo mfukoni akaanza kuikwaruza ubavuni, krrr krrr, kwa nguvu kweli, mpaka mi mwenyewe nikamwambia "basi kaka inatosha, utaiharibu!" Yaani nilikuwa nishaanza kuionea huruma kama yangu. Afu alivyosikia niko Lindi akanisalimia Kimwera. Kimwera safi, siyo cha kubahatisha, anasema kwao Nyangao, akaniuliza ufuta mwaka huu mnadani umekaaje, akaanza kuniita shemeji eti nimtafutie mke Mtama. Tukacheka pale kama tumesoma wote. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini? Kuna watu nawajua miaka kumi hawajawahi kuniuliza habari ya ufuta wangu.

Makubaliano: natuma 350,000, anapakia kwenye basi, mzigo ukifika nahakikisha, namalizia 300,000. Nikaona huyu mstaarabu, tapeli angetaka yote.

Mzigo ukaja Jumanne. Nafika ofisi ya mizigo stendi saa tisa mchana, boksi hilo hapo, kubwa, limezungushiwa nailoni na gundi kila kona, picha ya boti nje, jina langu kwa maka pen. Kijana wa mizigo ananambia mwenye mzigo kasema usifunguliwe mpaka amalizane na wewe. Nikampigia. Akasema shemeji fungua kona moja tu uhakikishe, usifungue lote maana imekunjwa kwa mashine, ukiifungua bila kuijaza upepo siku hiyo hiyo inajikunja vibaya na waranti inakufa. Nikaazima kisu kwa mama anayeuza matunda pale mlangoni, nikachana kona ya kulia juu, nikaingiza vidole viwili. Nikagusa. Nene, kijivu, ngumu kama mpira wa tairi, nikaikunja kidogo nikaona nyuzi kwa ndani. Nikanusa mpaka ile harufu ya gundi. Jamani PVC yenyewe! Nilitabasamu mpaka yule kijana wa mizigo akatabasamu. Watu wa boda walishajaa wanauliza nini hiyo bosi, na mimi bila haya nawaelezea, hii inabeba watu watatu, hii maji hayapiti. Nikatuma laki tatu nimesimama pale pale mbele ya watu. Meseji ikarudi, nikamwonesha kijana, nikachukua boksi langu.

Kufika nyumbani nimefunga na mlango wa uani ili nimsapraizi mke wangu. Nafungua boksi. Juu kabisa, kwenye ile kona yangu ya kulia, kuna kipande cha PVC, kipande tu, saizi ya trei ya mayai, kimebandikwa kwa gundi kwenye boksi. Chini yake makaratasi ya boksi yaliyokunjwa. Chini ya makaratasi, boti ya bluu na njano ya watoto, ina mchoro wa pomboo anacheka. Pampu yake ya mkono kama ya kupulizia mbu.

Nilikaa chini. Kipande cha kona moja! Alijua nitachana kona ipi, au kona zote alibandika sijui, zingine sikuangalia nililichoma boksi kwa hasira.

Nikapiga simu, haipatikani. Wasap, kanibloku.

Sasa hapa ndo aibu yangu inapoanza na mtaniuliza kwa nini niliipeleka mtoni. Kwa sababu nilishatangaza! Watu wameshanunua mchele, Jumamosi tunakwenda kulala, mke wangu kaninunulia tochi. Nikajiambia labda inabeba mtu mmoja, nitazunguka nayo karibu karibu pale Mkwaya, pale walipokuwa wanashushia mizigo ya mradi wa karanga wa Waingereza, halafu niseme nitanunua kubwa baadaye. Maji yalikuwa yanakupwa. Nikaingia, ikanibeba kama dakika nne, mkondo ukanisogeza kwenye mikoko, na mikoko ya kwetu mnaijua, mizizi yote imejaa chaza, na chaza ni wembe. Sikusikia hata pa, nilisikia fyuuu. Chumba cha hewa ni kimoja, hakuna kingine cha kukushikilia, ikajikunja katikati na mimi ndani miguu juu, na ndiyo, nilipiga kelele, nikaita mama. Bibi mmoja aliyekuwa anabandua chaza pembeni na ndoo yake akanitazama, akasema, "Mjukuu wangu, simama. Maji ya magoti hayo."

Haya mmeshacheka. Sasa jiulizeni ningekuwa Ruvuma. Ningeanzia kule Kilambo, viboko wale pale, mamba wale pale, na kidude cha pomboo anayecheka. Huyu siyo mwizi wa hela tu, huyu anauza vifo. Polisi nimekwenda, RB ya kuripoti ninayo, namba yake ya simu nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, naambiwa nisubiri. Nisubiri nini? Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, mtu kama huyu afungwe, na kabla ya kufungwa aletwe kusini, akalishwe kwenye ile boti yake na ile pampu yake, avushwe Ruvuma jioni viboko wanapotoka kula, tuone hicho Kimwera atamsalimia nani. Na mke Mtama hapati! Shemeji mpumbavu kabisa.

Dalili? Zilikuwepo, naona sasa. Nilipotuma hela jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, akasema laini ya mke wake. Mke! Na mimi anataka nimtafutie wa pili, sikushtuka. Na uzito: boti halisi ya mita 3 si chini ya kilo 20 na kitu, zenye sakafu ya mbao zaidi ya hapo, mimi boksi nililibeba kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika simu namshukuru. Kuna na mambo ya risiti, sikumbuki vizuri, alisema atatuma. Sijui, mi nilishaona ile vidio nikapofuka. Fungueni boksi LOTE pale pale stendi, kijana wa mizigo akinuna anune.

Namba na jina siweki hapa, polisi wamenikataza, anayetaka skrinishoti aje inboksi.

Ila kilichonifanya niandike leo usiku ni binamu yangu wa Mikindani. Anatafuta boti ya kuvulia, jioni hii kanitumia vidio ananiuliza kaka hii unaionaje, jamaa anaiuza laki saba, kanisalimia Kimakonde. Nafungua. Boti ile ile ya kijivu, viatu vile vile, funguo zile zile, krrr krrr. Chini kaandika mteja wetu wa Lindi akishuhudia ubora. Na kwa nyuma inasikika sauti yangu kabisa: "basi kaka inatosha, utaiharibu!"