Kitabu cha mazoezi ya hisabati ya likizo kwa anayeingia darasa la tano: uzoefu wangu

Nianze na sifa, maana lawama zitajileta zenyewe. Kitabu hiki kimemkalisha binti yangu mezani na hesabu dakika ishirini kila asubuhi kwa wiki saba za likizo ndefu, na ugomvi ulitokea mara mbili tu. Mara ya pili mkosaji nilikuwa mimi, kwa msaada mkubwa wa kitabu chenyewe. Nitafika huko.

Mtoto wangu si mbovu wa hesabu. Alimaliza darasa la nne na alama za katikati kwenda juu, na ukimwuliza somo analolipenda hatataja hisabati, ila hatakunja uso pia. Shida yake ni likizo. Mwaka jana alirudi shule jedwali la 7 na la 8 limemwagika lote, 7 × 8 anaihesabu kwa vidole chini ya dawati, na wiki nyingi za mwanzo wa muhula zikaishia kwenye kuzoa kilichomwagika. Kumbe hayuko peke yake. Harris Cooper na wenzake wa Marekani walipitia tafiti 39 kuhusu likizo ya kiangazi, na mwaka 1996 wakachapisha kwamba kwa wastani wanafunzi hurudi wakiwa nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na kwamba hisabati huathirika zaidi kuliko kusoma. Watafiti waliofuata wamebishana sana juu ya ukubwa wa pengo hilo. Mimi sikuhitaji wastani wa mtu. Nilikuwa na vile vidole vya chini ya dawati. Na hilo la kusoma kunusurika halinishangazi. Mtoto akiwa likizo anakutana na maandishi kila anapogeuka, lakini nani anagawanya 612 kwa 6 kwa raha zake?

Kabla ya kitabu tulijaribu programu moja ya simu kwa siku kumi. Ina sarafu, nyota na katuni inayopiga makofi. Binti akawa anavuna sarafu kwa kasi ya ajabu, nami nikafurahi, mpaka siku niliyokaa nyuma yake kimya nikamtazama. Anabonyeza jibu la kwanza. Likikataa, la pili. Likikataa la tatu, programu inamwonyesha jibu na kumpa nusu ya sarafu. Hakuna kalamu wala karatasi. Mtoto alikuwa anajifunza kubahatisha, na alikuwa ameshafuzu. Nikaifuta.

Sasa kitabu. Kimepangwa kwa wiki nane, siku tano kila wiki, karatasi moja kwa siku. Ukurasa wa mbele una mada moja: kuzidisha namba za tarakimu mbili, kugawanya kwa njia ndefu, sehemu, eneo na mzingo, desimali. Ukurasa wa nyuma ni mchanganyiko wa yote yaliyopita, na ningekinunua kitabu kwa ajili ya kurasa hizo za nyuma peke yake.

Ukimpa mtoto hesabu ishirini za kuzidisha mfululizo, kuanzia ya nne hasomi tena swali. Anajua ni kuzidisha, anazidisha, anakwenda kucheza. Kwenye mchanganyiko anakutana na kutoa, kisha sehemu, kisha mzingo wa mstatili, kisha fumbo la maneno, na kila mara inabidi asimame ajiulize: hii inataka nifanye nini? Wiki ya kwanza alikuwa anapata tisa kati ya kumi mbele na nne kati ya kumi nyuma. Ndipo ulipotokea ugomvi wa kwanza, machozi na kitabu chini ya meza, kwa sababu aliona ametegwa. Nilimwacha. Kufikia wiki ya nne ukurasa wa nyuma ulikuwa unampa saba, mara nyingine nane, na machozi yalishakwisha.

Halafu mada hazifi. Sehemu zilizofundishwa wiki ya pili zinarudi wiki ya tatu, ya tano, ya sita. Jambo lenyewe ni la zamani: Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejikaririsha silabi zisizo na maana na kujipima mwenyewe anavyozisahau, aliandika mwaka 1885 kwamba kurudia kulikotawanywa siku kadhaa kunashika kuliko kurudia kwingi kwa mkupuo mmoja. Bado vitabu vingi vya likizo nilivyovipekua vinafanya kinyume. Sura ya kujumlisha ikiisha, imeisha, haitasikika tena mpaka jalada la nyuma.

Lawama ya kwanza ni nafasi ya kuandikia. Aliyechora visanduku vya majibu nadhani hajawahi kumwona mtoto wa miaka kumi akigawanya. Kisanduku cha kugawanya kwa njia ndefu ni kama ukubwa wa stempu. Binti alijibana, tarakimu zikapandana, na ile 612 ÷ 6 ikatoka 12. Sifuri ya katikati haikupata pa kukaa. Nikachukua daftari la hesabu, lile lenye miraba, nikamwambia aandike tarakimu moja kila mraba. 6 kwa 6 mara 1. 1 kwa 6 haiingii, kwa hiyo mraba wa pili aweke nini? Akaufikiria ule mraba mtupu. "Siwezi kuuruka?" Hapana. Akaweka sifuri, akashusha 2, akapata 12, mara 2. Jibu 102. Tangu siku hiyo kitabu kikawa cha kusomea maswali tu, kazi yote ikahamia daftarini, na nakushauri ufanye hivyo kuanzia siku ya kwanza. Faida ya pili ni kwamba mdogo wake atakitumia kikiwa kisafi.

Faida ya tatu ni kubwa kuliko hizo: daftari linakuonyesha alivyofikiri. Jibu likiwa peke yake kwenye kisanduku halikuambii kitu. Siku aliyoandika 1/2 + 1/3 = 2/5 ningeweza kuweka kosa na kupita, lakini mistari yake ilionyesha wazi amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kwake 1/2 ni namba mbili zilizopandana. Nikakata ukanda wa miraba 12 kutoka daftarini. Nusu yake miraba mingapi? Sita. Theluthi yake? Nne. Tukapaka rangi zote, kumi kati ya kumi na mbili, yaani 5/6. Kisha nikamwuliza 2/5 ni zaidi ya nusu au pungufu. Akakaa kimya, akacheka. "Nimejumlisha nikapata kidogo kuliko nilichoanza nacho!" Kitabu chenyewe kwenye mada hii kinatoa kanuni tu: tafuta kigawe kidogo cha shirika, badilisha asili, jumlisha kiasi. Kanuni ni sahihi. Mtoto ambaye hajauona ukanda ataikariri na kuisahau kabla shule hazijafunguliwa.

Wiki ya tano, ya desimali, ndiyo dhaifu kuliko zote. Maswali yote ni ya kuchagua, na kwenye ukurasa wa "ipi kubwa" mwandishi amejisahau vibaya. Swali la kwanza mpaka la sita, desimali yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa: 0.58 na 0.3, 0.74 na 0.6, na kuendelea. Binti akapata vema sita. La saba lilikuwa 0.35 na 0.4, akachagua 0.35. Nikamwuliza kwa nini. "Thelathini na tano ni kubwa kuliko nne, Mama." Kwa hiyo zile vema sita zote alizipata kwa sababu isiyo sahihi, na laiti swali la saba lisingekuwepo ningempongeza nikafunga kitabu. Tuliiandika 0.4 kama 0.40, tukachora mraba mkubwa wa miraba 100, tukapaka 40 upande huu na 35 upande ule. Halafu nikamtungia kumi za kwangu, nusu zikiwa fupi ndiyo kubwa. Ukifika wiki hiyo, usimwamini mtoto kwa vema zake. Mwulize kila jibu limetokaje.

Kwenye mpangilio wa matendo nililaumu kitabu, kisha nikajilaumu mwenyewe. Binti anajua MAGAZIJUTO kama anavyojua jina lake: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ilimsaidia kwenye 20 − 4 × 3. Ya kwanza aliandika 48, akajikumbusha, akarudi na 8. Siku iliyofuata kukawa na 10 − 4 + 3. JU iko kabla ya TO, kwa hiyo akajumlisha 4 na 3 kwanza, akatoa, akapata 3. Majibu ya nyuma ya kitabu yanasema 9, bila neno hata moja la maelezo. Akaniuliza, "Kwa hiyo MAGAZIJUTO ni uongo?" Nilibaki nimeshika kalamu, kwa sababu na mimi nililifundishwa hivyohivyo. Si uongo, ila linabana mno: kujumlisha na kutoa zina cheo kimoja, na kugawanya na kuzidisha vilevile, kwa hiyo zikikutana unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia. Mistari miwili ya maelezo hapo ingeniokoa nusu saa.

Sasa ule ugomvi wa pili. Wiki ya tatu, 47 × 36. Nilikuwa nasahihisha haraka nikitazama majibu ya nyuma: 1,592. Yeye aliandika 1,692. Nikaweka kosa. Akasema amerudia na ni sahihi. Nikamwambia arudie tena, aangalie alipobeba. Akarudi na 1,692. Nikaanza kupandisha sauti. Mara ya tatu alirudi na 1,592, kimya, hanitazami. Nikaangalia kazi yake: juu 282, chini yake 1,410, na jumla 1,592. Hiyo jumla haiwezekani. Alikuwa ameacha kufanya hesabu, akanipa jibu nililolitaka. Nikachukua kalamu nikafanya mwenyewe: 50 × 36 ni 1,800, toa 3 × 36 ambayo ni 108, inabaki 1,692. Kitabu kimekosea, mama amekosea, mtoto alikuwa sahihi mara mbili zote. Nilimwomba radhi, na kosa langu la wino mwekundu nikampa alikate yeye mwenyewe. Alilikata kwa rula.

Mpaka sasa nimekuta majibu manne yenye makosa. Kwa kitabu kinachouzwa kwa wazazi wasahihishe nyumbani, hilo ni kosa kubwa, na ndilo lililokipunguzia nyota kwangu. Lakini tulipata mchezo: sasa kabla ya kufungua majibu ya nyuma anakadiria kwanza, na akiona jibu la kitabu liko mbali na makadirio yake anakuja mbio akitumaini amelikamata jingine.

Mafumbo ya maneno ni mazuri na yana utani kidogo. Watoto 58 wanavuka mto, mtumbwi mmoja unabeba 8, je mitumbwi mingapi itatosha? Akaandika: mitumbwi 7 baki 2. Nikamwuliza hao wawili wanaogelea? Akabadilisha kuwa 8, kisha chini yake akachora watoto wawili wakipunga mkono. Eneo na mzingo yako sawa, sina la kusema.

Nampa nani kitabu hiki? Mzazi mwenye dakika ishirini za kukaa karibu, hata kama anafanya kazi nyingine, na asiyeona tabu kufanya hesabu chache mwenyewe. Ukitaka kitu cha kumwachia mtoto peke yake, hapana, majibu ya nyuma yatamsaliti. Na kwa mtoto ambaye bado anahangaika na kuzidisha kwa tarakimu moja, anza na jedwali kwanza. Ukurasa wa mchanganyiko utamvunja moyo bure. Nyota 4 kati ya 5, na zingekuwa 3 kama si kurasa za nyuma.

Wiki ya nane bado haijaguswa. Ni ya pembe, na inataka kipimapembe, ambacho hakija na kitabu. Chetu kilikuwepo mpaka juzi. Mdogo wake anasema hakukiona, ila ana mwezi nusu wa plastiki anaouendesha ukutani kama gari.