FamilySearch na Nyaraka za Kaunti ya Southampton: Tathmini kwa Watumiaji wa Dar es Salaam

Kwa mwanafunzi wa historia pale Mlimani, au kwa yeyote jijini mwenye mkwe Mmarekani mweusi anayeulizia asili ya ukoo wake, FamilySearch ndiyo huduma ya mtandaoni ya nasaba ninayoipendekeza kwanza, kwa kuwa kujisajili ni bure na picha nyingi za nyaraka hufunguliwa bila ada. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo lilianzisha chama chake cha nasaba huko Utah mwaka 1894 na kuanza kupiga nyaraka mikrofilamu, yaani picha ndogo za filamu, mwaka 1938.

Nimeipima kwa kaunti moja ya mashambani, Southampton ya jimbo la Virginia, Marekani, ambako Nat Turner aliongoza uasi wa watumwa Agosti 1831. Thamani ya huduma hii huonekana pale mtafutaji anapokwama kwenye sensa ya 1870, iliyokuwa ya kwanza kuwaandika kwa majina watu waliotoka utumwani. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliwekwa kwenye orodha ya peke yake, nao, isipokuwa wachache mno, hawakutajwa majina: uliandikwa hasa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mmiliki. Anayetaka kurudi nyuma zaidi hana budi kumtambua mmiliki huyo, kisha afungue wosia wake, orodha ya mirathi na hati za ardhi, ambamo watu wametajwa kwa jina moja moja na bei yao kwa dola, pamoja na farasi na vitanda. Ni kurasa nzito kuzisoma, lakini mara nyingi ndimo jina la bibi wa ukoo lilimosalia.

Karatasi hizo zilitunzwa na karani wa mahakama ya kaunti, si na serikali ya taifa, hivyo anayekosea kaunti hapati kitu. Southampton yenyewe ilimegwa kutoka Isle of Wight mwaka 1749, na nyaraka za kabla ya hapo zitafutwe huko. Ina bahati pia, maana Nansemond, iliyokuwa kaunti ya jirani, iliteketezewa kumbukumbu zake na moto wa mwaka 1866.

Tangu mwaka 2024 kuna utafutaji, ulioanza kwa majaribio, unaosoma maandishi ya mkono ndani ya hati, zikiwemo za ardhi na mirathi za Marekani. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu picha nyingi hazina faharasa ya majina, na hapo awali zilipaswa kupekuliwa moja baada ya nyingine. Mashine husoma vibaya baadhi ya majina, kwa hiyo jaribu tahajia kadhaa.

Sehemu ninayoitilia shaka ni mti wa nasaba wa pamoja, ambao mtumiaji yeyote anaweza kuuhariri. Usiukubali tawi kwa tawi bila kuiona hati yenyewe. Aidha, baadhi ya picha hufunguka tu katika vituo maalumu kutokana na mikataba na wenye nyaraka. Kwa anayetumia bando la simu, ni vyema asome kwanza maelezo ya faharasa pale yalipo, kwani picha hizo ni nzito na kitabu kimoja cha wosia kinaweza kuwa na mamia ya kurasa.