Maiki ya laptopu ya zamani inavuta makelele: nini ununue kwanza, nini upite

Mimi nafundisha Kiswahili kwa Zoom, wanafunzi wangu wako nje, na nafundishia kwa muzigo wangu, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, huku Bweyogerere nje kidogo ya Kampala, dirisha linaangalia Jinja Road yenyewe, yaani malori ya kwenda Malaba na Busia yanapita usiku na mchana, stage ya boda iko hapo chini na jirani anachomelea mageti. Laptopu ni core i5 ya kizazi cha tatu, niliinunua ikiwa imeshatumika. Siku moja mwanafunzi akaniambia, mwalimu samahani, mimi sisikii tofauti ya "nimekula" na "nimekuja", kuna upepo kwa sauti yako. Hiyo iliniuma, manake hapo sifundishi tena. Tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila kitu kinachouzwa kwa hii shida, vingine nikanunua, vingine nikaazima, na hapa napanga kutoka kile ningenunua kwanza mpaka kile ningekiacha dukani.

Kabla ya pesa, uelewe kelele inaingiaje. Maiki ya ndani ni katundu kadogo karibu na kamera, ama karibu na kibodi kwa laptopu zingine. Kutoka mdomo wako mpaka pale ni kama sentimita 60. Kutoka feni mpaka pale ni karibu zaidi, na kibodi ndo usiseme. Sasa sauti yako ikifika pale ikiwa imechoka, Windows inaiongeza nguvu, na ikiongeza inaongeza vyote pamoja, wewe, feni, boda, jogoo wa jirani. Ukileta maiki kutoka sentimita 60 hadi 5, sauti yako inapanda kama desibeli 21 (ndo kipimo cha nguvu ya sauti) na lile lori la barabarani linabaki pale pale lilipokuwa. Hiyo ni tofauti kubwa sana. Kwa hivyo unaponunua maiki kwa ajili ya kelele, kitu unachonunua hasa ni ukaribu na mdomo, na orodha yangu inafuata hilo, haifuati bei wala jina la kwenye boksi.

Lakini fanya kwanza za bure. Chomoa chaja ukiwa unarekodi usikilize. Kama ule mvumo wa "mmmm" umepotea, shida yako ni umeme si maiki, mara nyingi soketi haina athi, ule waya wa kwenda ardhini, hata kama ina matundu matatu, na nyumba nyingi za kupanga ziko hivo, basi fundisha kwa betri au ita fundi umeme aangalie. Halafu ingia setingi za sauti za Windows, upande wa kurekodi, bonyeza maiki yako, nenda kwa levo, utakuta busti ya maiki, ile inayoongeza nguvu ya sauti, imewekwa 20 au 30, ishushe hadi 10 au 0 halafu wewe ndo usogee karibu. Feni nayo, kama laptopu ni ya 2012 na haijawahi kufunguliwa, mpelekee fundi aipulize vumbi na abadilishe ile pasta ya kupozea prosesa, feni itapunguza kuzunguka kwa nguvu na kelele yote ya "shhhh" inapungua, hapo pesa ni kidogo na laptopu yenyewe inapona. Na usiiweke juu ya kitanda au mto, matundu ya hewa yanazibwa, inapata moto, feni inapiga kelele.

Zoom pia ina setingi yake ya kuzuia kelele, ina levo ya chini, ya kati na ya juu, ijaribu. Ila kuna jambo watu hawalisemi. Kwa prosesa ya zamani, hizi programu za kusafisha sauti zinaipa kazi, prosesa inapata moto, feni inakimbia zaidi, yaani unaondoa kelele kwa mkono mmoja unaileta kwa mwingine. Ile programu ya NVIDIA Broadcast ndo usahau kabisa, inataka kadi ya picha ya RTX. Iliyo nyepesi ni RNNoise, imewekwa bure ndani ya OBS, programu ya kurekodi, kama filta, lakini kuipeleka kwa Zoom unahitaji VB-Cable katikati, programu inayopitisha sauti kutoka programu moja hadi nyingine, na si kila mtu ana subira hiyo. Na programu ikibana sana inakula konsonanti, tena zile ninazozihitaji, s, f, th. Kwa mwalimu wa lugha hiyo ni hasara.

Haya tuje dukani.

Namba moja, na sibadilishi, ni hedseti ya USB ya waya, yenye kale kamkono ka maiki kanakuja mpaka karibu na mdomo. Hapa unapata vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni huo ukaribu. Cha pili watu wengi hawakijui: hedseti ya USB inabeba saundikadi yake ndani, yaani saketi ya kushughulikia sauti, kwa hivyo sauti yako haipiti kabisa kwa ile saketi ya zamani ya laptopu ambayo inaokota mvumo wa chaja na mlio wa diski. Logitech H390 ndo naiona kwa watu wengi na ni nzuri, lakini hata zile za majina yasiyojulikana zinashinda maiki ya ndani kwa mbali kama mkono wa maiki unafika mahali pake. Maiki ikae pembeni ya mdomo, vidole viwili kutoka kona ya midomo, isiwe mbele kabisa manake pumzi itapiga "pfff" kila ukisema p. Kama unafundisha, unafanya kazi za kupokea simu, au una intavyuu, nunua hii uishie hapo.

Namba mbili ni kwa mwenye mfuko mwembamba, na naipenda sana kwa sababu imewasaidia vijana wengi wa chuo ninaowajua: saundikadi ndogo ya USB, ile inafanana na flashi, pamoja na eafoni za waya za simu zenye maiki. Ukiangalia zile saundikadi, nyingi zina matundu mawili, la maiki na la hedifoni, wakati plagi ya eafoni ya simu ni moja na ina pete tatu nyeusi. Kwa hivyo unahitaji kale kawaya ka kugawanya, kutoka tundu moja hadi plagi mbili, au utafute saundikadi yenye tundu la pamoja. Hapo ndo watu wanapoteza pesa, wanachomeka eafoni kwa tundu la rangi ya waridi, maiki haifanyi kazi, wanasema ni mbovu kumbe ni plagi. Na hata bila saundikadi, kama laptopu yako ina tundu moja lenye alama ya hedseti, chomeka eafoni moja kwa moja ujaribu, labda huhitaji kununua chochote. Shika ile maiki ya waya kwa nguo na pini, isisuguane na kola.

Tatu ni maiki ya kubana kwa shati, Boya BY-M1 na ndugu zake. Waya ni mrefu, mita 6, inakupa uhuru wa kusimama kwa ubao, na sauti yake ni ya kupendeza kuliko hedseti nyingi. Mbona basi ni ya tatu? Kwa sababu inasikia pande zote, haichagui, na inakaa kifuani, sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, kwa hivyo kwa chumba changu na welding ya jirani inashindwa pale hedseti inapoweza. Ukiwa na chumba kimya ipandishe mpaka namba moja. Tena ina swichi na kabetri kadogo, swichi ikikaa vibaya hausikiki kabisa, na ukisahau kuizima betri inaisha. Plagi yake nayo ina pete tatu, yale niliyosema ya saundikadi yanahusu hapa pia.

Nne haununui, ni simu yako. Simu nyingi za sa hizi zina maiki mbili na zinapambana na kelele zenyewe, kuliko laptopu ya 2012. Ingia Zoom kwa laptopu kwa ajili ya picha na ubao, halafu ingia tena kwa simu kwa ajili ya sauti, na uzime sauti ya laptopu pande zote mbili, maiki na spika, la sivyo mwangwi utawafukuza watu. Ama weka programu ya WO Mic kwa simu ya Android na kwa laptopu, simu inakuwa maiki, ukitumia waya wa USB inatulia zaidi. Mimi hii ndo niliishi nayo miezi mitatu nikikusanya pesa ya hedseti. Shida ni bando na betri, na mtu akikupigia katikati ya somo.

Maiki za mezani sasa, hapa nina maneno. Kila kijana anayetaka kuanza podkasti anataka ile maiki ya kondensa yenye mkono wa chuma na sponji, kwa sababu ndo anaiona YouTube. Kondensa inasikia kila kitu, ndo kazi yake, imetengenezewa chumba kimya. Ukiiweka kwa muzigo wa mabati karibu na barabara unapata kelele safi zaidi kuliko mwanzo. Na zile za bei rahisi zinazokuja na waya wa kuchomeka kwa tundu la maiki la laptopu, hizo zipite kabisa, laptopu haizipi umeme wa kutosha, sauti inakuwa chini, unaongeza busti, na "shhhh" inarudi. Kama lazima iwe ya mezani tafuta ya dainamiki yenye USB, Samson Q2U au ATR2100x ya Audio-Technica, hizo hazivuti sauti za mbali hivo, ila uongee ukiwa karibu nayo kama unaibusu, na bei yake ni ya mtu aliyeshaamua kazi.

Bluetooth nimeiweka mwisho. Ikitumika kama maiki kwa laptopu ya zamani, inashuka kwa ile hali ya simu, sauti inabanwa inakuwa nyembamba, mtu anakusikia kama uko kwa kopo. Tena tundu la maiki liko sikioni, mbali na mdomo. Na angalia maandishi ya kwenye boksi: mara nyingi "inazuia kelele" maana yake inazuia kelele zisifike masikio yako WEWE, haihusu kabisa anayekusikiliza. Muuzaji mwenyewe saa zingine hajui tofauti, muulize ni ya maiki au ya masikio.

Mvua kwa mabati sijapata dawa yake, Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba, ikinyesha kubwa hata hedseti inazidiwa. Mimi wanafunzi wangu nimewapangia asubuhi na tukinyeshewa tunahamia kuandikiana.

Ukienda mjini kununua, beba laptopu ikiwa na chaji. Usiogope kelele za pale, kule katikati ya Kampala na makondakta wa taxi wanaita abiria ndo mahali pazuri kuliko pote pa kujaribu. Chomeka, fungua programu ya kurekodi ya Windows, hakikisha umechagua maiki mpya si ya ndani, kaa kimya sekunde kumi, halafu ongea sekunde kumi kwa sauti ya kawaida, halafu sikiliza kwa hedifoni. Rudia na maiki ya ndani hapo hapo. Kama muuzaji hataki ujaribu, mwambie asante sana ndugu yangu, nenda duka linalofuata, na ukinunua omba risiti yenye tarehe na siku za kurudisha ziandikwe kwa kalamu.